Mshahara wa Tano, Mstari wa Nane

Ijumaa, 14 Juni

Dada Mhasibu,

Nakuachia karatasi hii kwenye droo yako ya juu, chini ya kikokotoo, usije ukasema hukuiona.

Hii ni mara ya tatu nasema jambo lilelile. Machi uliniambia nisubiri. Mei uliniambia mbele ya watu wote nikanunue kikokotoo changu, wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini? Lakini mimi nashona kola, dada. Dazeni arobaini kila baada ya wiki mbili, kwa mia tisa dazeni. Mtoto wa darasa la tatu atakwambia hiyo ni elfu thelathini na sita. Tangu Februari, baada ya ile sakafu kutiwa saruji, kwenye simu yangu inaingia ishirini na mbili, siku nyingine ishirini na moja na nusu. Nyumbani wananiuliza nyingine naipeleka wapi. Mke wangu hata haulizi tena, ananitazama tu.

Leo nimebeba kichwa cha cherehani ninayoshonea. Sijaiba. Kipo nyumbani kwangu, juu ya meza ya sebuleni, nimekifunika shuka. Nyumba mnaijua, nyuma ya mashine ya kusaga. Siku mtakayonilipa kilicho changu nitakirudisha siku hiyohiyo, tena nikiwa nimekitia mafuta. Mwambie mwenye karakana, maana simu zangu hapokei.

Mimi,
Tano

*

Jumapili, 16 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini jicho linaendelea vizuri na wifi hakuachii uvue bendeji kabla ya siku yake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unapiga kelele mpaka nasahau nilichopigia, na daktari mwenyewe kasema usipandishe hasira. Dereva wa vifurushi atakuletea hii pamoja na karatasi ya malipo ya nusu mwezi, wifi akusomee upitishe kama kawaida.

Kuna jambo. Kichwa kimoja cha cherehani hakipo. Ni kile cha dirishani. Jumamosi asubuhi nimekuta meza tupu, mkanda unaning'inia. Mlinzi anasema Ijumaa jioni alimwona Tano akitoka na gunia begani, akadhani ni vitambaa vya mteja, wala hakuuliza. Jumamosi yenyewe Tano hakuja kazini.

Sijafanya lolote, nasubiri neno lako. Hata jina lake kamili imebidi nilitafute kwenye faili. Tangu baba afungue karakana hii hatujawahi kumwita mtu ila kwa namba ya cherehani yake, sasa nikiulizwa "huyo Tano ni nani" nitasema nini?

Nimekagua droo zote. Hakuna alichoacha.

Makoti ya wauguzi tumemaliza mia na themanini, yamebaki mia mbili na ishirini. Watoto wangu wanakusalimu, wameacha kucheza mpira karibu na dirisha lako.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 20 Juni

Mdogo wangu,

Nimelala chali hapa kama samaki sokoni, jicho moja limefungwa, la pili linaona ukungu, halafu unaniletea habari za wizi! Mke wangu ndiye anayeandika, kwa hiyo matusi yote ameyaacha nje. Jaza mwenyewe.

Tano? Miaka kumi na moja nimemweka dirishani, mahali penye mwanga kuliko pengine pote, kwa sababu alisema macho yake yanachoka. Mwanaye alipoumwa nani alilipa dawa? Na mwezi wa tano si ulinieleza alikuwa anakusumbua habari za pesa? Basi ndiyo hiyo. Mtu akipanga kuiba hutafuta sababu kwanza.

Nenda polisi kesho. Usimpigie, usimtumie mtu, usibembeleze. Mwanasheria niliyesoma naye nimeshampigia, atakusaidia kuandika maelezo. Hawa kumi na wanne wakiona mmoja kabeba cherehani na hakufanywa kitu, nikirudi nitakuta kuta tupu.

Lipa mishahara kama ilivyo kwenye karatasi. Nimeipitisha.

Kaka yako

Wifi, hapa ni mimi mwenyewe. Shinikizo la jicho lilipanda jana alipoisikia barua yako. Daktari amesema likipanda tena namna ile, jicho linaweza kupotea kabisa. Naomba ukiandika, uandike kwa upole. Mambo mazito yasubiri.

*

Jumanne, 25 Juni
Mahabusu

Dada Mhasibu,

Walikuja Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Kichwa walikikuta palepale, juu ya meza, kimefunikwa shuka. Niliwaambia, ndugu zangu, mwizi gani anakitandikia shuka kitu cha wizi? Niliwaambia nimeacha barua kwenye droo ya karakana, waende wakaisome. Wakasema mhasibu ameandika maelezo, hakuna barua yoyote.

Sasa nakuuliza wewe. Ulifungua droo?

Labda panya kaila. Labda imeanguka nyuma ya kabati, tafuta. Sitaki kuamini jambo jingine, maana tumekunywa chai pamoja miaka mingapi?

Na kama hutaki kutafuta barua, basi fanya jambo moja. Nenda kwenye lile boksi la vikaratasi vya mafungu, vile tunavyofunga kwenye kila fungu la kazi tukimaliza kushona. Usifungue daftari, daftari umeliandika wewe. Angalia vikaratasi tu. Humo utaona nimeshona nini.

Binti yangu ananiletea chakula kila siku akitoka shule. Anasimama foleni na begi lake la vitabu. Ana mtihani Oktoba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko haya matandiko ya hapa.

Kesi imepangwa tarehe 22 Julai. Nimeambiwa wizi wa mali ya mwajiri si mchezo, ni miaka.

Tano

*

Jumatatu, 1 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Salamu. Umeme umekuja mkubwa kuliko mwezi uliopita, nimeulipa. Makoti yamebaki mia na kumi na tano. Fundi wa mashine anadai pesa ya kubadilisha sindano za cherehani, nimemwambia akusubiri. Mvua imeingia chooni tena, nimeweka ndoo. Mlinzi ameomba likizo ya siku tatu nikampa mbili.

Wifi, geuza ukurasa.

Kaka, sasa kaa vizuri, na naomba usikasirike mpaka nimalize. Tano hakuiba.

Jumamosi nilimwaga vikaratasi vyote vya tangu Januari sakafuni nikavipanga upya kwa mikono. Unakumbuka sakafu ilipotiwa saruji tulitoa cherehani zote nje? Fundi alipozirudisha, namba tano aliiweka kule ukutani na namba nane akaiweka dirishani. Zinafanana, hakujali. Jumatatu yake Tano akaja akakaa mahali pake, dirishani, kama miaka yote. Nane naye akakaa mahali pake ukutani. Hakuna aliyetazama namba iliyopigwa rangi kwenye mashine. Sisi tuliendelea kumwita yeye Tano na yule binti Nane.

Lakini vikaratasi vya mafungu hugongwa muhuri wa namba ya mashine. Kola zote alizoshona Tano zimegongwa nane. Pindo zote alizoshona Nane zimegongwa tano. Na mimi, kaka, nilikuwa naviingiza kwenye daftari kwa namba, bila kusoma kama ni kola au pindo. Mara nane nimemlipa mshona pindo pesa ya kola na mshona kola pesa ya pindo. Tano anatudai laki moja na elfu kumi na tatu na mia tano. Nane amezidishiwa kiasi hichohicho. Nimemwita, akalia, akasema alidhani umemwongeza kimyakimya kwa sababu aliwahi kukuomba.

Kosa ni langu, si la fundi. Tano alinieleza mara mbili nikamfanyia mzaha.

Na kuna la pili. Tano aliacha barua. Niliiona Jumamosi ileile asubuhi. Alisema cherehani iko kwake mpaka alipwe. Niliificha. Niliogopa utasema sifai, na ukisema sifai mimi na watoto wangu wawili tutakwenda wapi? Kile chumba cha nyuma ndicho nilicho nacho duniani tangu ndoa yangu ivunjike. Nilijiambia mtu huyu anajisumbua tu, hesabu yangu iko sawa. Haikuwa sawa. Nimedanganya polisi.

Niambie tufute kesi. Nijibu haraka, dereva anarudi Ijumaa.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 5 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimesomewa yote, mwanzo hadi mwisho. Hayo uliyoyaeleza ni mambo ya kawaida ya karakana, usiyakuze. Umeme ulipe, fundi akae asubiri, ndoo ya chooni iache hapohapo mpaka nirudi. Nafurahi unaandika kwa utulivu, hata jicho limelala.

Kuhusu yule mwizi msimamo wangu ni uleule, sitaki kurudia. Kesi iende mpaka mwisho. Ukiitwa kutoa ushahidi, vaa vizuri, sema kwa kifupi, usiongeze usiloulizwa.

Makoti yakiisha mapema nitakununulia kitenge.

Kaka yako

*

Jumatatu, 8 Julai

Mzee Tano,

Sijui nianze wapi. Nimepita mara tatu nje ya lango la hapo ulipo na mara tatu nimerudi.

Nimeviona vikaratasi. Hesabu yako ilikuwa sawa, yangu ndiyo ilikosea. Ulikuwa unashonea mashine namba nane bila kujua, na pesa yako ilikuwa inaingia kwa Nane. Unatudai laki moja na elfu kumi na tatu na mia tano. Nimeandika kila fungu na tarehe yake, karatasi nne, nikipata njia nitakuletea nakala.

Na barua yako haikuliwa na panya. Ninayo.

Nilimwandikia mwenye karakana kila kitu. Amenijibu kesi iendelee, na nisiongeze nisiloulizwa. Nimeisoma barua yake mpaka nikaikariri, sikuamini. Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, lakini sikujua ana moyo huo. Naishi kwake, watoto wangu wanakula kwake. Usidhani nakwambia haya unionee huruma. Nakwambia ili ujue kwa nini tarehe 22 huenda nikasimama pale na mdomo ukakataa.

Nisamehe ukiweza.

Mhasibu

*

Alhamisi, 11 Julai
Mahabusu

Dada,

Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu kumi na tisa, maana hapa hakuna pa kujificha. Mmoja akauliza, "Habari njema?" Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Unaniomba msamaha na papo hapo unaniambia huenda ukanyamaza. Hivyo vitu viwili havikai sahani moja. Kama utanyamaza, nyamaza, lakini usiniombe chochote.

Umeandika habari za kaka yako ukurasa mzima. Barua yangu iko kwa nani? Kwake au kwako?

Sina la zaidi. Miguu imevimba kidogo kwa kulala kwenye sakafu. Mke wangu usimwambie.

Tano

*

Jumapili, 14 Julai

Wifi yangu,

Naandika nikiwa kwenye ngazi za hospitali, kaka yako amelala. Nimekosa, na ni lazima nikwambie kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Barua yako ya tarehe mosi sikumsomea ukurasa wa pili.

Nilipogeuza na kuona "Tano hakuiba," nilisoma kimoyomoyo mpaka chini, huku yeye akiuliza, "Mbona kimya?" Nikamwambia ni salamu za watoto. Asubuhi ile daktari alikuwa ametoka kusema shinikizo limepanda. Nilifikiri, nitamsomea kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Halafu akaniambia niandike jibu, nikaliandika kama alivyosema, nikijua kabisa wewe utalielewa vingine. Nikaituma hivyohivyo. Mungu anisamehe, nilisema moyoni kwamba mtu mmoja akikaa ndani wiki mbili zaidi hafi, lakini mume wangu akipofuka harudishiwi jicho.

Juzi ikaja ile barua yako ya mstari mmoja: "Kaka, nimeona jibu lako, sikujua una moyo huo." Nilikwama katikati. Akauliza kuna nini. Nikasema mwandiko mbaya.

Bado hajui. Bendeji inatolewa tarehe 25. Nivumilie mpaka hapo, nakuomba kama mama wa watoto wake. Kesi si inaweza kuahirishwa?

Wifi yako

*

Jumatano, 17 Julai

Wifi,

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, wali ukaungua wote.

Siku tisa nimemchukia kaka yangu kwa neno ambalo hakulisema! Tena nimemwandikia mtu aliyeko mahabusu kwamba kaka yangu hana moyo. Umenifanya nimsingizie ndugu yangu. Lakini nitakulaumu vipi? Wewe ulificha ukurasa mmoja kwa ajili ya jicho la mumeo. Mimi nilificha barua kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kutochekwa.

Kesi haiahirishwi. Nimekwenda kuuliza. Mwanasheria wenu anasema mlalamikaji ndiye mwenye kuiondoa, na mlalamikaji kwenye karatasi za polisi ni mimi, ndiye niliyeweka sahihi. Kumbe muda wote huo nilikuwa nasubiri ruhusa ambayo sikuihitaji.

Usimsomee kitu mpaka tarehe 25 kama daktari amesema hivyo, sitaki na mimi nimtoe mtu jicho. Lakini Jumatatu mimi nakwenda. Akija kunifukuza, anifukuze akiwa anaona vizuri.

Wifi yako

*

Jumanne, 23 Julai

Kaka yangu,

Wifi, iweke hii mpaka bendeji itoke, halafu umsomee kila neno pamoja na ule ukurasa wa tarehe mosi. Usiruke hata nukta.

Kaka, jana nilikwenda mahakamani. Nilibeba boksi la vikaratasi, daftari la mishahara na barua ya Tano. Chumba kidogo, mabenchi matatu, feni inazunguka kivivu na kelele tele. Tano aliletwa pamoja na wenzake wanne. Amekonda, shati lile la mistari limekuwa kama la kuazima. Hakunitazama.

Nilisema naondoa malalamiko. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za sakafu, mashine na muhuri. Alinisikiliza, akaomba vikaratasi vya mwezi mmoja, akavipanga mwenyewe mezani, kola huku, pindo huku. Halafu nikampa barua. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Hii umekuwa nayo tangu lini?"

Nikasema, tangu siku ya kwanza.

"Na ulipoweka sahihi polisi kwamba hakuna barua?"

Nikasema nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Kaka, sitakusimulia aliyoniambia baada ya hapo. Amemwachia Tano palepale, na mimi nimetakiwa kuripoti polisi kesho kuandika maelezo mapya. Wanaweza kunishtaki kwa kutoa taarifa ya uongo. Mwanasheria wako anasema huenda yakaishia kwenye onyo, huenda yasiishie.

Jioni hiyohiyo nimemtumia Tano pesa yake yote kwa mara moja. Sikukuuliza. Kwenye daftari sikufuta kitu wala sikurarua. Kila mstari wenye kosa nimeupiga mstari mmoja mwekundu ili cha chini kisomeke, nikaandika kiasi sahihi pembeni, tarehe na sahihi yangu. Nane ataturudishia elfu tano tano kila malipo, mara ishirini na mbili, na ya ishirini na tatu, ya mwisho, elfu tatu na mia tano. Wewe hutaka kila deni likatwe mara moja, najua, lakini naye ana kodi ya nyumba na hakuomba kuzidishiwa. Tumeandikiana, kasaini.

Sasa sema unalotaka kusema.

Mdogo wako

*

Jumapili, 28 Julai

MDOGO WANGU,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa kwa sababu nikiandika ndogo sizioni, na kwa sababu nimekasirika. Jicho limepona, daktari anajisifu kama yeye ndiye aliyeliumba. Kitu cha kwanza nilichosoma kwa jicho langu jipya ni kurasa zenu ninyi wawili. Asanteni sana!

Mke wangu hatujasemeshana tangu Alhamisi. Ananiletea chai, nakunywa, ananitazama, natazama ukuta.

Nimekasirika na yeye, nimekasirika na wewe. Kwa nini uliniogopa hivyo? Mimi nakupigia kelele tangu una miaka mitatu, lini nimekufukuza? Lile jumba la baba ni lako kama lilivyo langu, hata kama hakuna aliyekwambia. Nilipaswa kukwambia.

Pesa uliyolipa ni deni langu, sikudai. Ulivyofanya na Nane ni sawa. Kuanzia sasa karatasi ya malipo iandikwe majina ya watu, yale waliyopewa na wazazi wao, na kikaratasi kisainiwe na aliyeshona. Na asiwe mtu mmoja anayeandika na kulipa. Wewe utaandika, mwingine atakagua. Utachukia. Vumilia.

Nina jambo jingine, nalo sijamwambia hata mke wangu. Nimejiuliza, kama ule ukurasa ningesomewa kabla ya tarehe tano, na ile oda ya makoti ilivyokuwa imenikaa kichwani, ningekujibu nini? Nimejaribu kujipa jibu zuri. Sijalipata.

Nitakwenda kwa Tano nikirudi. Mwambie arudi kazini, mahali pake papo.

Kaka yako

*

Jumamosi, 3 Agosti

Dada Mhasibu,

Pesa imefika, haikupungua. Karatasi nne za hesabu nimezikagua moja moja, ziko sawa, nimesaini kama ulivyoomba na narudisha nakala kwa huyu aliyeleta. Kichwa cha cherehani polisi wamesema watawarudishia wenyewe.

Kaka yako amenipigia simu. Nilimwachia aseme, alisema mengi. Kazini sirudi. Nimepata kibaraza kwa fundi mmoja, tunashona mapazia. Mapato ni kidogo ila nahesabu mwenyewe.

Sikuandikii kukulaumu. Ulisimama mbele ya hakimu, wengine wasingesimama, nimewaambia hata wale niliokuwa nao ndani.

Kilichobaki ni kimoja na nimejaribu mwenyewe nimeshindwa. Binti yangu. Tangu nirudi hasemi nami. Ananipikia, ananiamkia, lakini haniangalii usoni. Nikimuuliza, anasema anasoma. Nadhani moyoni mwake bado anaamini niliiba. Siku thelathini amesimama kwenye lile lango na watu wa shule wakimwona, mtoto atafikiri nini? Nimemwonyesha karatasi zako, pamoja na ile uliyoeleza ulivyowaambia polisi, hakimu na kaka yako, akazisoma, akazikunja vizuri, akanirudishia. Barua anaweza kudhani nimeomba uniandikie. Naomba uje mwenyewe Jumapili ya tarehe 11, umwambie kwa mdomo wako kwamba baba yake si mwizi.

Hilo tu. Nauli nitatoa mimi.

Tano

*

Jumanne, 6 Agosti

Mama Mhasibu,

Shikamoo. Mimi ni binti wa unayemwita Tano. Baba amesema utakuja Jumapili kuniambia hakuiba. Hajui kwamba nakuandikia.

Sijawahi kudhani baba ameiba. Ile barua aliiandika nyumbani, usiku wa Alhamisi, mimi nikiwa mezani na hesabu zangu. Alinipa niisome niangalie makosa. Maneno ya kusema kichwa kitakuwa sebuleni, kwenye nyumba nyuma ya mashine ya kusaga, ni mimi niliyemwambia aongeze, ili msimdhanie vibaya.

Kwa hiyo walipomchukua sikulia. Nilijua barua ipo. Jumatatu, tarehe 24 Juni, nilitoka shule nikaja karakana nikiwa na sare. Sijui kama unakumbuka. Wote walikuwa wameondoka isipokuwa wewe. Nilikuuliza kama umeona barua ya baba. Ulinivutia kiti, ukanipa maji ya baridi, ukaniuliza nitafanya mtihani lini. Halafu ukanishika bega ukasema, "Hakuna kitu mwanangu, nimetafuta kila mahali." Nilikuamini. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza kama baba aliiandika akaogopa kuiacha, akanidanganya. Siku thelathini nimempelekea chakula nikijiuliza hivyo, na siku moja pale kwenye lango nilimwambia aache kunidanganya. Alipokea chakula akarudi ndani.

Ndiyo sababu siwezi kumtazama.

Nimesoma karatasi zako zote. Umeandika ulivyowaambia polisi, hakimu na kaka yako. Mimi simo. Baba hajui kama nilikuja kwako. Anadhani nilisema yale kwa kuwa sina imani naye.

Jumapili usije kunieleza habari za baba yangu. Njoo umweleze yeye habari zangu. Ukishindwa nitamwambia mimi, lakini ningependa ayasikie kutoka kwako.

Mtoto wa Tano